Kompyuta ya mezani inajizima ovyo: anza na daftari kabla ya pochi

Ilikuwa saa 1 na robo usiku, nimebakiza kurasa nne za ripoti ya mtu, skrini ikawa nyeusi. Feni zikanyamaza, zikaanza tena zenyewe, na mashine ikawaka kama vile hakuna lililotokea. Taa ya chumbani haikuzimika. Kesho yake ilitulia kutwa nzima. Keshokutwa ikazima mara mbili. Nikampigia fundi, akaniambia kwenye simu, "Kaka, hiyo ni ram tu, nunua nyingine." Nikanunua. Siku ya tatu ikazima tena.

Njia hiyo nimeona wengi wakiipita: ram (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mpya, kisha diski mpya, kisha Windows inapigwa upya, mwisho mashine inauzwa kwa bei ya kutupa na kasoro yenyewe bado iko palepale ukutani kwenye soketi. Inauma, kwa sababu fedha hizo zingetosha kununua kifaa kimoja kilichokuwa kibovu kweli, na chenji ikabaki. Kuzima "ovyo" mara nyingi kuna saa yake, kazi yake na dalili yake. Kazi yetu ni kuviona kabla ya kununua chochote.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, kwenye mashine za mezani za kawaida, hasa zile zilizotumika maofisini ng'ambo zikaja kwetu zikiwa na miaka minane au kumi. Hatua zifuate kwa mpangilio. Nimeanza na zisizo na gharama.

Hatua ya 1: Okoa mafaili

Kila mashine inapokata ghafla, diski inaweza kuwa katikati ya kuandika. Leo hii, kabla ya jaribio lolote, nakili picha, nyaraka na kazi za watu kwenye flashi au diski ya nje. Usiseme utafanya kesho.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Daftari la shule linatosha. Chora safu nne: tarehe na saa; ulikuwa unafanya nini; ilizima vipi; na nini kingine kilikuwa kinaendelea nyumbani. Safu ya nne wengi huiruka, na ndiyo iliyoniokoa mimi.

Kwenye "ilizima vipi" kuwa makini, maana kuna namna tatu na kila moja ina watuhumiwa wake.

Ya kwanza ni kukata: skrini nyeusi papo hapo, kama mtu kachomoa waya. Hapo tazama umeme wa nyumbani, pawa saplai (kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa ukutani kwa ajili ya kompyuta), joto, na mwisho madabodi (ubao mkuu). Ya pili ni skrini ya bluu yenye maandishi na asilimia zinazopanda (kwenye matoleo ya karibuni ya Windows 11 imekuwa nyeusi, lakini maandishi yapo). Hiyo ina maana Windows yenyewe imeona hatari ikajisimamisha, na watuhumiwa ni draiva (programu inayoendesha kifaa), ram, diski au kadi ya grafiki. Ya tatu ni kuganda: picha imesimama, kipanya hakisogei, na kama kulikuwa na wimbo sauti inakwama kwenye silabi moja. Hapo ram, diski na kadi ya grafiki ndiyo ya kuanza nayo.

Programu moja ikijifunga huku kompyuta inaendelea, hilo ni jambo lingine. Sasisha programu hiyo au iondoe uiweke upya, na usifungue kava kwa sababu yake.

Daftari langu baada ya siku nane lilikuwa na mistari saba. Yote ni kukata. Yote ni kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Mchana, pamoja na kazi nzito, hakuna hata mara moja. Jioni ya siku ya nane mama yangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, mashine ikakata, akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu, mbona inazima kila friji likishtuka?"

Hatua ya 3: Soma kumbukumbu za mashine

Kwanza izuie isijiwashe upya haraka, ili upate kusoma maandishi ya skrini ya bluu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, sehemu ya Startup and Recovery bonyeza Settings, kisha ondoa tiki kwenye Automatically restart. Ikitokea tena, piga picha skrini kwa simu.

Kisha bonyeza tena Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona kalenda yenye alama nyekundu siku za matatizo. Linganisha na daftari lako. Angalia pia kama siku ya kwanza ya alama nyekundu iliambatana na draiva au sasisho jipya.

Kwa undani zaidi andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs, halafu System. Karibu wote hukutana hapo na mstari wa Kernel-Power wenye namba 41, wakaona neno "Power" wakakimbilia kununua pawa saplai. Mstari huo unasema tu kwamba mara iliyopita mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Sababu hausemi. Fungua Details uangalie BugcheckCode, yaani namba ya kosa. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, na hiyo hutokea umeme ukikatika, joto likizidi, mashine ikiganda kabisa, au wewe mwenyewe ukishikilia kitufe cha kuzima. Ikiwa namba nyingine, kumbuka imeandikwa kwa desimali: 26 ni kosa la 0x1A, 278 ni 0x116, 292 ni 0x124.

Majina utakayokutana nayo mara nyingi: MEMORY_MANAGEMENT, anza na ram. VIDEO_TDR_FAILURE, kadi ya grafiki au draiva yake. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, diski au waya wake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, prosesa au kifaa kingine kimeripoti hitilafu ya vifaa, na hapo joto na umeme huangaliwa mapema. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, mara nyingi draiva, na chini yake huandikwa jina la faili lenye kosa. Jina moja likitokea mara moja tu lisikupe uhakika. Likirudi mara tatu lilelile, lifuate.

Hatua ya 4: Tenganisha vifaa na programu

Jaribio hili nalipenda kuliko yote, na halina gharama ukiwa na flashi ya GB 8. Tengeneza flashi ya Linux Mint kwa kompyuta nyingine, iwashe mashine yako kwa flashi hiyo bila kuisakinisha, kisha itumie kama kawaida kwa muda unaozidi ule iliozoea kudumu kabla ya kuzima. Fungua video, fungua kurasa nyingi, iache iwake jioni nzima.

Ikizima na hapo, Windows haina kosa, na kuipiga upya ni kupoteza siku. Isipozima kabisa, uwezekano ni draiva, Windows, au diski ambayo Linux haikuigusa. Mimi ilikata dakika ya arobaini, saa 1 na nusu usiku.

Hatua ya 5: Umeme

Hapa tukae kidogo, kwa sababu kwetu hapa pana kasoro nyingi kuliko mwongozo wowote wa ng'ambo unavyofikiria.

Mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapokuwa imekwisha kuzoea mwendo. Kwa kitambo kidogo volti hushuka, na utaona taa inafifia kama kupepesa jicho. Pawa saplai nzima imetengenezwa kuvumilia pengo la takriban milisekunde 16 bila umeme. Wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20, kwa hiyo ni uvumilivu wa chini ya wimbi moja. Uvumilivu huo unatoka kwenye kepasita za ndani (vipande vinavyohifadhi umeme kidogo), na kepasita huzeeka, hasa kwenye joto. Pawa saplai iliyofanya kazi miaka kumi inaweza kukuendeshea mashine mchana kutwa vizuri, na ikashindwa kuruka shimo dogo la jioni, wakati mtaa mzima umewasha pasi, majiko na televisheni.

Fanya hivi. Chomoa kompyuta kwenye ekstensheni, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ambayo haina friji, pasi wala pampu ya maji. Shika plagi uisikilize: ikichezacheza au ukisikia mlio wa cheche, au plastiki imebadilika rangi kuwa ya kahawia, usiitumie soketi hiyo, mwite fundi umeme. Angalia na waya wa umeme unaoingia nyuma ya kompyuta, maana mara nyingi huwa umelegea tu. Usibadilishe kitu kingine. Kaa siku kadhaa, andika.

Kama una UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika), iondoe kwa muda. Betri ikifa, UPS hugeuka yenyewe kuwa chanzo: umeme ukiyumba kidogo inahamia kwenye betri, betri haina kitu, kompyuta inakata. Jirani yangu alihangaika wiki sita na kifaa alichokinunua kwa ajili ya kuilinda mashine. Stabilaiza ni nzuri kwa volti inayopanda na kushuka polepole, lakini ile ya relei haiwahi kuziba shimo la ghafla. Kazi hiyo ni ya UPS yenye betri nzima.

Jaribio jingine ni kubeba kasha zima ukaliweke kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine kwa siku mbili tatu. Ikitulia huko, tatizo liko kwenye umeme wa nyumbani kwako, au umeme huo ukichanganyika na pawa saplai dhaifu.

Mwenye multimita apime waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya pini nne ya aina ya Molex, mashine ikiwa inafanya kazi nzito: volti ziwe kati ya 11.4 na 12.6. Waya mwekundu na mweusi uwe kati ya 4.75 na 5.25. Zikiwa nje ya hapo, pawa saplai imekwisha. Zikiwa ndani bado hujaisafisha jina, kwa kuwa multimita haioni mporomoko wa sehemu ya sekunde. Uthibitisho ni kuazima pawa saplai nzima na kujaribu. Hapa angalia: baadhi ya mashine za ofisi za Dell na HP hazitumii plagi ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo nenda dukani na picha ya plagi yako. Na kama umeongeza kadi ya grafiki kwenye mashine ndogo ya ofisi, soma wati zilizoandikwa ubavuni mwa pawa saplai. Nyingi ni kati ya 240 na 290, na ukiwasha mchezo mzito unaidai zaidi ya ilivyopangiwa.

Nakuomba sana usifungue kasha la pawa saplai yenyewe. Kepasita zake huhifadhi umeme wa kuumiza hata ukiwa umechomoa.

Hatua ya 6: Joto na vumbi

Kama mashine inakata baada ya dakika kumi au ishirini za mchezo, video au kazi nzito, na ukiiwasha papo hapo inakata mapema zaidi, anza hapa kabla ya umeme.

Weka HWiNFO au HWMonitor uangalie joto la prosesa. Kwenye chumba cha pwani kisicho na kiyoyozi, nyuzi 40 hadi 55 mashine ikiwa imetulia ni kawaida. Kazini, hadi 85 usihofu. Ikigonga 95 hadi 100, prosesa inajipunguza kasi kujiokoa, na ikiendelea kupanda inazima kabisa.

Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki, kisha toka nje na kasha. Gusa bati lake kabla ya kugusa chochote cha ndani. Ya kwangu nilipong'oa feni ya prosesa nilikuta kati ya feni na hitisinki (bati la mapezi linalopoza prosesa) pamejaa vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, la kijivu, nikalivua lote mara moja kwa vidole viwili, na chini yake makombo ya mende. Hewa haikuwa na pa kupita. Tumia brashi laini ya rangi na blowa, na wakati wa kupuliza izuie feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu huharibika.

Ukiwa hapo, tikisa hitisinki kidogo. Zile za Intel za kawaida hushikwa na misumari minne ya plastiki, na mmoja ukiachia hitisinki inakaa upande, joto linapanda ingawa feni inazunguka. Ukiing'oa, pesti ya zamani ya kupitisha joto ifute kwa spiriti ya hospitali na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya njegere ndogo katikati. Ukijaza haitapoa zaidi.

Hatua ya 7: Ram

Kwetu pwani hewa ya chumvi huacha utando kwenye meno ya dhahabu ya ram, na kasoro inayotokana nao huja na kuondoka. Mashine ikiwa imechomolewa, toa vipande vyote, sugua meno taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa vumbi la raba, rudisha hadi usikie lachi zikilia pande zote mbili. Hili peke yake hutibu mashine nyingi.

Halafu pima. Windows ina mdsched.exe, inatosha kwa haraka. Kipimo cha kweli ni MemTest86 kwenye flashi, uiache usiku kucha imalize mizunguko minne. Kosa moja tu ni kosa, usiliombee msamaha. Likitokea, acha kipande kimoja, pima, badilisha kipande, pima, kisha badilisha na tundu. Kosa likifuata kipande, ram ni mbovu. Likibaki kwenye tundu, madabodi. Na kama ram yako imeongezwa kasi kwa mpangilio wa XMP kwenye BIOS (programu ya ndani ya madabodi), zima XMP hiyo kwanza kabla ya kulaumu chochote.

Hatua ya 8: Diski

Fungua programu ya CrystalDiskInfo. Kwa diski ya kuzunguka (HDD) tazama safu ya Raw Values kwenye mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu. Ikiwa na namba zaidi ya sifuri na zinaongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa. Hapo usikimbilie chkdsk C: /r kama wengi wanavyoshauri, maana inaisugua diski mgonjwa kwa saa nyingi. Nakili kwanza, sugua baadaye. Waya wa SATA, unaounganisha diski na madabodi, nao hulegea; ubonyeze pande zote mbili.

Hatua ya 9: Draiva na Windows

Kama matatizo yalianza baada ya kuweka kitu, kiondoe. Kwenye Device Manager unaweza kurudisha draiva ya zamani. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani kwa siku moja, viwanja vya ndege na hospitali zikasimama, na vifaa vyake vyote vilikuwa vizima. Kwa hiyo skrini ya bluu isikufanye ushike bisibisi moja kwa moja.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Ile ya kwanza inatumia intaneti, hakikisha una bando. Mwenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 au 14 za mezani, hasa zile za nguvu, asasishe BIOS ya madabodi: Intel walikiri mwaka 2024 kwamba zilikuwa zinapewa volti iliyozidi, wakatoa marekebisho na kuongeza warantii kwa miaka miwili. Prosesa iliyokwisha kudhurika hairudi kwa sasisho, inabadilishwa.

Hatua ya 10: Yaliyobaki

Kama umefika hapa bado inazima, vua kila kisichohitajika: kadi ya grafiki kama madabodi ina tundu lake la skrini, diski za ziada, vifaa vya USB. Acha ram moja. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja kwa siku kadhaa. Angalia kepasita kwenye madabodi: vichwa viwe bapa, vikituna au kutoa majimaji ya kahawia madabodi imefika mwisho wake. Saa ikirudi nyuma kila ukichomoa waya, badilisha betri ya CR2032. Bei yake ni ndogo.

Utajuaje kwamba umepona? Chukua muda mrefu zaidi ilioweza kukaa bila kuzima, zidisha mara tatu, usubiri hadi hapo. Iliyokuwa inazima kila siku tatu, siku nne za utulivu hazithibitishi kitu.

Mimi nilihamisha plagi kwenye soketi ya peke yake: kutoka mara saba kwa siku nane, ikazima mara mbili kwa siku kumi. Friji lilikuwa limechangia, lakini halikuwa peke yake. Nikampelekea fundi daftari. Akasoma mistari yote tisa amesimama, akaenda rafuni, akanipa pawa saplai ya kuazima, akasema, "Kaa nayo wiki mbili, ikitulia ndiyo unilipe." Ile ram niliyoinunua mwanzoni akanirudishia nusu ya bei. Leo ni siku ya thelathini na moja tangu niifunge, na daftari halijapata mstari mpya.